Nani aliwapa ruhusa ya kutupa dawa za mtoto wangu chooni?

Ndugu zangu, nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Niko Bukavu, ni baba wa watoto wanne, na ninachosema hapa kinahusu kijana wangu wa pili, wa miaka tisa, mwenye TDAH (hali ya kutotulia na kushindwa kukaza akili), na familia yangu mwenyewe ya damu.

Likizo ya Pasaka alienda kwa shangazi yake Kadutu. Dawa nilimkabidhi dada yangu mkubwa mkononi, pamoja na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: kidonge kimoja asubuhi baada ya uji, cha pili saa sita mchana, jioni asipewe kabisa kwa sababu hatalala. Akaitikia sawa. Nilipoenda kumchukua mtoto, boksi lilikuwa tupu. Vidonge vyote alivimwaga chooni siku ileile mtoto alipofika, tena mbele yake, akimwambia, "Hii ni droga, baba yako anataka ukuwe kichaa." Kisha akampeleka chumba cha maombi. Wakamfungisha. Mtoto wa miaka tisa ananyimwa chakula, anakeshezwa, wamama wamemkandamiza kichwa wakiamuru pepo la kutotulia litoke!

Mtoto mwenyewe ndiye aliyenisimulia, njiani tukipanda kwenda nyumbani. Aliniuliza pepo hilo linakaa upande gani wa mwili.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba dada hakuamua peke yake. Walikuwa wamefungua kikundi cha WhatsApp cha familia bila mimi na bila mke wangu, wakapanga humo. Kaka mkubwa aliye Kinshasa alijua. Mama yangu mzazi alijua. Wote walinipigia simu siku ya Pasaka kunitakia heri, hakuna aliyefungua kinywa.

Sasa niwaeleze mtoto huyu ni nani, maana hao waliompangia hawajawahi kukaa naye wiki nzima. Ana TDAH. Si mtundu tu kama watoto wengine walivyo watundu. Ukimtuma chumvi anafika mlangoni ameshasahau, anarudi na kijiko au harudi kabisa. Pale Essence, hapa mjini, alichomoka mkononi mwa mama yake akaingia barabarani katikati ya magari, mwenye pikipiki akamkwepa mpaka akaanguka. Kaye (daftari) yake ya diktee, yaani imla, ya mwaka jana ninayo: mstari wa kwanza umeandikwa vizuri, wa pili nusu, wa tatu neno moja, halafu ni michoro ya magari mpaka chini. Kila ukurasa hivyo. Na swali lolote ukimuuliza kwa mdomo anajibu. Mwalimu wake ana darasa lililojaa mpaka mlangoni, alikuwa anamtoa nje ili wengine wasome, na mimi simlaumu.

Daktari hakutoa dawa siku ya kwanza kama shemeji zangu wanavyotangaza. Alitaka maneno ya mwalimu, si yetu tu, kwa sababu dalili lazima zionekane zaidi ya mahali pamoja, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zidumu miezi 6 au zaidi. Akatufundisha kwanza sisi wazazi: agizo moja kwa wakati, saa za kulala zisizobadilika, kazi ya shule vipande vidogo vidogo, kusifu haraka anapofanya vizuri. Ilisaidia nyumbani kidogo. Shuleni hapana. Ndipo ikaja dawa yenyewe, metilifenidati, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole. Na kidonge chenyewe kinafanya kazi kwa masaa manne hivi, basi, kimeisha mwilini. Muda wa masomo tu! Jioni ni yuleyule kijana wetu, anaruka, anapiga kelele, anacheka.

Wanasema ni droga, yaani dawa ya kulevya. Binamu mmoja alitafuta kwenye simu akaona dawa hii inadhibitiwa kimataifa, akapeleka habari kwenye kikundi kama aliyekamata mwizi. Ndiyo, inadhibitiwa, chini ya mkataba wa Vienna wa 1971, kwa sababu kuna watu wazima wanaoweza kuitumia vibaya. Ndiyo maana hainunuliwi kama karanga, inatolewa kwa ordonansi, karatasi ya daktari. Lakini baba yetu alipokuwa anakufa kwa kansa alipewa mofini, nayo iko kwenye mkataba wa 1961, na dada yuleyule ndiye aliyekuwa anakimbia usiku kuitafuta. Siku hiyo hakuna aliyesema ni droga. Na si kitu cha majaribio kwa watoto wa Waafrika, kama kaka anavyodai: ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, na watoto wa Wazungu wenyewe wameimeza tangu miaka ya 1950 na 1960.

Wanasema haiponyi. Kweli, haiponyi. Dada anameza kidonge cha presha kila asubuhi na hajapona presha. Aache basi.

Wanasema inamkausha mtoto, hali chakula. Hapo peke yake ndipo wangekuwa na neno la kuongea nami tukakaa chini, kwa sababu ni kweli: mchana hamu ya kula inapungua, na dawa inaweza kupunguza kasi ya kukua kidogo. Daktari anampima uzito, kimo, presha na mapigo ya moyo. Mke wangu anampikia uji mzito wa soya kabla ya kidonge, na usiku dawa ikiisha anakula bugali na sambaza kuliko kaka yake mkubwa. Hilo nani aliuliza? Hakuna. Waliuliza kama upande wa mke wangu kuna wachawi.

Na neno lingine wanalolipenda: "Mutamumaliza, mutamufikisha Sosame." Sosame ni hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila mtu wa Bukavu anajua maana ya kutajiwa kwa mdomo wa namna hiyo. Wanalisema mbele ya mtoto.

Sasa sikilizeni. Familia hii inayoogopa kidonge haikuogopa fimbo. Mdogo wetu wa mwisho, hao wakubwa wanamkumbuka vizuri, alikuwa hivihivi. Hakai, hamalizi, anapoteza kalamu, anapoteza viatu, anajibu kabla ya kuulizwa. Alipigwa na baba, na kaka, na walimu. Dada alimfunga mguu kwenye kitanda kwa kitenge ili afanye kazi ya shule, mimi nilikuwepo chumbani. Aliacha shule akiwa la tano msingi. Leo ni mtu mzima, anabeba mizigo kule chini bandarini siku akipata, siku nyingine yuko kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Kila mtu anasema ni mkaidi tangu kuzaliwa. Daktari alipotuambia jambo hili hupita sana kwenye damu ya familia, mimi nilimfikiria yeye moja kwa moja. Nikalisema kwenye kikao, kwa heshima. Mama akalia, kaka akakata simu, dada akasema ninaitukana familia.

Si matusi. Mlikuwa na mtoto mwenye akili, mkampiga mpaka akaamini hana kitu. Huyu wangu hamtamfanyia hivyo.

Kaka anatumia silaha ya pesa. Benki hapa zilifungwa Februari 2025, kazi yangu ikapungua nusu, na yeye ndiye anayetusaidia minervali (karo ya shule) kupitia simu. Ametuma ujumbe: mtoto akirudishwa kwenye dawa, hatatuma tena. Asitume. Mtoto atahamia shule ya serikali.

Na kuhusu hayo maombi: mimi ni mkristo, ninamwombea mwanangu kila usiku. Lakini kumwambia mtoto ana pepo ndani yake ni hatua moja tu kabla ya kumwita mchawi, na sote tunajua katika nchi hii watoto walioitwa hivyo wanaishia wapi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Nimemwambia dada hivyo waziwazi. Akisogea na mtoto tena kwenye chumba kile, sitaitisha kikao cha familia, nitaenda kwa mwanasheria.

Dawa nyingine tumeisubiri, maana inatoka nje na haipatikani kirahisi. Imefika, ameanza tena. Kwa shangazi haendi, na mama yangu akitaka kumwona, mlango uko wazi, aje amwone akiwa kwetu.

Walioko Goma, Bukavu, Uvira au popote Kivu wenye mtoto wa namna hii, naomba mniambie mambo mawili. Kidonge cha saa sita mnakifanyaje shuleni bila watoto wengine kujua? Na darasa la serikali lenye watoto wengi hivyo, mliongea nini na mwalimu hadi akakubali kumkalisha mbele? Wale wa kuniambia nipatane na dada yangu kwanza, nawaomba mpite.