Picha 60 za .webp zimegoma kufunguka Photoshop, naombeni msaada kabla ya Nane Nane

Binti_Nzuguni:
Habari zenu wakuu.

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, upande wa chuo. Kazi zetu mnazijua: fotokopi, kulaminesha, kadi za harusi, na msimu huu mabango. Kuna kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo wamenipa bango la mita 2 kwa 1 pamoja na vipeperushi, wanaenda kuonyesha bidhaa zao kwenye viwanja vya Nzuguni. Katibu wao ameniletea flashi ina picha kama 60, karibu zote kazitoa mtandaoni, na zote zinaishia na .webp.

Photoshop yangu ni CS6. Nikiburuta picha ndani inasema si aina ya faili inayoijua. Word ya 2010 nayo haizitaki. Ila nikizitupia kwenye Chrome zinafunguka safi kabisa, ndiyo maana najua picha si mbovu.

Nataka zote ziwe JPG kwa mkupuo mmoja. Mashine ni Windows 7, na tafadhali asije mtu kuniambia ninunue mpya, hela hiyo haipo. Bando pia ni la kubania.

Mkwezi wa Mbuyu:
Dada hiyo kazi ya sekunde mbili. Bofya jina la faili, futa .webp, andika .jpg. Mimi ndivyo nafanya na nikituma WhatsApp zinaenda.

FundiSaketi:
Mkwezi, usimpoteze dada wa watu. Herufi za mwisho za jina ni lebo tu, kilichomo hakibadiliki. Ukibandika karatasi ya "sukari" kwenye mfuko wa chumvi, chai itakwambia ukweli. Programu nyingi za siku hizi hazijali lebo, zinasoma baiti za mwanzo, ndiyo maana kwako inapita. Fungua hiyo "jpg" yako kwa Notepad: mwanzoni kabisa utaona RIFF, mbele kidogo WEBP. JPG ya kweli inaanza na baiti FF D8. CS6 ikikutana na jina la JPG halafu ndani hamna alama hizo, inakataa vilevile, ila inatoa lawama tofauti.

Dada, chanzo ni umri wa programu zako. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, na kwa miaka mingi ilikuwa mambo ya vivinjari tu. Safari ya Apple ilianza kuikubali 2020. Photoshop yenyewe ilianza kuifungua bila nyongeza Februari 2022, toleo la 23.2. Hiyo CS6 ni ya 2012, hapo usiilaumu.

Dawa: pakua zana za libwebp za Google, ni faili dogo la zipu, haliinstoliwi. Ndani yake kuna dwebp.exe. Iweke kwenye folda moja na picha zako, shikilia Shift, bofya kulia mahali patupu, fungua dirisha la amri hapohapo, kisha andika:

for %f in (*.webp) do dwebp "%f" -o "%~nf.png"

Zinatoka PNG, siyo JPG, kwa sababu dwebp haiandiki JPG. CS6 na Word zako zinazifungua PNG bila neno. Za asili hazifutiki.

Mwana wa Kondoa:
Kwa asiyetaka kuandika amri, kuna IrfanView na kifurushi chake cha viongezi. Fungua, bonyeza herufi B, ongeza folda nzima, chagua JPG, ubora weka 90 au 95, kwisha. Hata GIMP 2.10 inafungua WebP na inakaa kwenye Windows 7, ila kwa picha 60 moja moja utazeeka.

Mkwezi wa Mbuyu:
Sawa wataalamu, nimekaa pembeni. Lakini si kuna zile tovuti za kubadilisha bure? Unapandisha, unashusha, unaendelea na maisha.

Mama Steshenari:
Zipo, lakini bando analibania, na picha 60 kupanda na kushuka ni mara mbili. Halafu sisi wenye steshenari tujizuie na hizo tovuti. Leo ni zabibu, kesho ni kitambulisho cha NIDA cha mteja kilichokuja kwa fomati ya ajabu, unakipandisha kwenye seva usiyojua ya nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Badilisha kwenye mashine yako, umemaliza.

Na angalia nembo ya kikundi. Kama ina mandhari ya uwazi, usiipeleke JPG hata kidogo. JPG haijui uwazi, itakujazia weupe au weusi nyuma ya nembo, halafu uipachike juu ya bango la zambarau uone aibu. Nembo iwe PNG.

Binti_Nzuguni:
Asanteni sana jamani, nimetumia ile amri ya FundiSaketi, zote zimefunguka! Nembo kweli ilikuwa na uwazi na imebaki nao.

Swali la kijinga labda: mafaili yamevimba. Picha iliyokuwa KB 90 sasa inakaribia MB 1. Ina maana zimekuwa na ubora zaidi?

FundiSaketi:
Hapana, wala si swali la kijinga. PNG inatunza kila pikseli kama ilivyoikuta, haitupi kitu, kwa hiyo inakula nafasi. WebP ya kawaida ya picha ilishatupa vitu ili iwe nyepesi. Google wenyewe wanasema inakuwa ndogo kuliko JPG ya ubora uleule kwa asilimia 25 hadi 34. Kilichotupwa hakirudi, ubadilishe mara ngapi. Na rangi ndiyo inakatwa zaidi: aina hiyo inatunza rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo. Ndiyo maana maandishi mekundu juu ya picha yanakuwa na kingo za ukungu. Hayo maandishi yaandike upya mwenyewe.

Ila mimi nina wasiwasi na jambo lingine. Bofya kulia picha moja, utazame upana wake ni pikseli ngapi.

Binti_Nzuguni:
Nyingi zina 800 kwa 600. Kubwa kabisa ina 1200.

FundiSaketi:
Hapo ndipo penye kazi. Mita 2 ni karibu inchi 79. Pikseli 800 ukizitandaza hapo unapata nukta 10 kwa inchi. Zabibu zitaonekana kama matofali. Kwenye kipeperushi, kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo hiyo 800 inatosha upana wa sentimita 6 na ushei, kwa hiyo huko zitumie ndogondogo bila shida. Bangoni, hapana.

Mama Steshenari:
Na hizo za mtandaoni zina wenyewe. Ukikuta ina jina la mpiga picha kwenye kona, iache. Kwani hao wakulima hawana picha za shamba lao?

Binti_Nzuguni:
Katibu anazo kwenye simu, za mavuno ya Machi. Alinirushia mbili WhatsApp nikaona zimefifia, nikamwambia atafute nzuri zaidi, ndipo akaenda mtandaoni.

Mwana wa Kondoa:
Zimefifia kwa sababu WhatsApp ilizibana njiani! Mwambie azitume kama dokumenti: abonyeze kile kipini cha kuambatisha, achague Dokumenti badala ya Picha. Au alete simu na waya, ambayo haili bando la mtu. Akiwa na iPhone zinaweza kuja na .heic, hiyo nayo CS6 haiijui. Aingie kwenye mipangilio ya kamera, fomati aweke ile ya kuoana na vifaa vingi, basi za kuanzia hapo zitapigwa JPG.

Binti_Nzuguni:
Ana Tecno. Imekuja dokumenti moja sasa hivi, ni JPG, 4000 kwa 3000.

FundiSaketi:
Hiyo ndiyo picha. Ukiitandaza upana wote wa bango ni kama nukta 50 kwa inchi, na bango la maonyesho mtu analitazama akiwa hatua tatu nne. Bango ni 2 kwa 1 na picha yako ni 4 kwa 3, kwa hiyo lazima ukate juu au chini. Kata mbingu, usikate vichala.

Binti_Nzuguni:
Mbingu inaondoka. Namwambia alete zote kumi za siku ile.