Naongoza sala ya jioni nyumbani ila naona kama naongea na Mungu wa bibi, sio wangu. Naombeni ushauri

Kitinda_
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu kwahiyo ukiwa mrefu mnisamehe, na wale wa "fupisha" mpite tu kimyakimya.

Mimi ni Mkristo, miaka 24, nimelelewa na bibi mzaa baba kwasababu mama alifariki sijajua ata kuongea vizuri. Bibi ndo alikua kanisa letu. Jumapili ibadani tulikua tunaenda ndio, ila kanisa lenyewe lilikua pale nyumbani saa mbili usiku, TV inazimwa ata kama ni fainali (ugomvi wake na kaka zangu ulikua unaanzia hapo), tunapiga magoti kando ya kitanda chake, anaanza kutaja majina. Anafuata umri. Anaanza na ndugu zake, anashuka kwa wanae, wakwe, ndo anaingia kwa wajukuu, na kila jina lina ombi lake, huyu kazi, huyu mguu, huyu Mungu amtoe kwenye pombe, anasema bila kuficha na mwenyewe yupo hapohapo amepiga magoti anasikia.

Mimi ndo nilikua wa mwisho kwenye foleni. Sikuwahi kufika. Nilikua naweka shavu kwenye godoro, nasikia jina la binamu yangu kwa mbali, nikija kushtuka nabebwa. Nilivyokua mkubwa nikaenda bweni, baadae chuo, nikirudi likizo nakuta bibi amechoka, anasema tu "na watoto wote Bwana unawajua" basi, Amina. Yaani mpaka leo sijui alikua ananiombea nini. Inaweza kuonekana kitu kidogo ila kinanitesa kuliko vingi.

Alifariki mwaka jana. Nimerudi kuishi nyumbani na baba, kaka yangu mkubwa na mkewe na mtoto wao wa miaka 6. Wakasema wewe ndo ulikua wa bibi, wewe ndo uendeleze. Nikakubali, ningesemaje. Sasa kila jioni naongoza na maneno yanatoka vizuri tu, tatizo ni maneno ya bibi, ata pale alipokua anavuta pumzi na mimi navuta. Ndani hakuna kitu. Ni kama nimeshika simu ya bibi naongea na rafiki yake wa siku nyingi, na kule anayepokea anadhani ni bibi.

Baba toka siku ya mazishi hajakanyaga kanisani. Wakati wa sala anakaa kwenye kiti chake, hapingi, hasali, anaangalia ukuta.

Alhamisi wifi yangu kaniambia "wifi una imani jamani, bila wewe hii nyumba ingeshazimika". Nikaenda bafuni nikafungua maji ili wasinisikie nalia.

Niache au niendelee? Huu si ndo unafiki wenyewe? Na mtu anajuaje hii imani ni yake na sio ya aliyemlea?

Mpita_Njia77
Wa kwanza leo 😂 pole sana mkuu, ngoja wajuzi waje, nimeweka kiti

TingaTinga la Hoja
Mkuu umeshajijibu mwenyewe. Dini ni mazingira. Ungelelewa na bibi wa dini nyingine saa hizi ungekua unaandika uzi huu huu ila umebadilisha majina tu. Hicho unachohisi ni akili inaamka, usiizuie.

Kitinda_
Nimekuelewa kaka na sijakasirika. Ila ata lugha nimepewa na bibi na sijawahi kujiuliza kama ninavyoongea ni mimi ninayeongea. Mimi sijasema sitaki kuamini, nimesema nataka iwe yangu. Na ni dada sio mkuu 😅

MtumishiWaMoto
Binti hiyo ni roho ya mauti ya huyo bibi imekukalia, kukuta unavuta pumzi kama yeye sio jambo la kawaida. Kuna madhabahu hapo inatakiwa ivunjwe. Njoo PM nikuunganishe na mtumishi, usichelewe.

MamaMapacha
Wewe Moto hebu tuondolee. Mtoto kafiwa na aliyemlea, anamkumbuka mpaka anavyopumua, wewe unaona roho? Mimi mama yangu ana miaka tisa kaburini na bado nikikunja nguo nazikunja anavyokunja yeye, mikono ndani kwanza. Dada usiende PM ya mtu.

Mwanangu pole. Nina swali moja, ulilia lini? Sio juzi bafuni, namaanisha msibani.

Kitinda_
Msibani sikulia mama. Nilikua nahangaika na wageni, alafu kuna mama wa kanisani alinishika mkono akanisomea ile ya Wathesalonike ya kutokuhuzunika, nikaona kumbe nikilia nitakua sina imani. Nikakaza.

MamaMapacha
Nilijua tu!! Huo mstari watu wanausoma nusu. 1 Wathesalonike 4:13 inasema msihuzunike KAMA wengine wasio na matumaini. Haijasema msihuzunike mkaishia hapo. Yesu mwenyewe alishawaambia wanafunzi anaenda kumwamsha Lazaro, yaani mwisho anaujua, na bado alivyofika akalia machozi, Yohana 11:35. Musa wamemlilia siku 30. Yakobo ndo usiseme, Misri nzima ilimlilia siku 70 alafu Yusufu akaweka maombolezo mengine siku saba njiani kwenda kumzika. Na hao ndo wazee wa imani wenyewe. Wewe hata siku moja hujajipa, umekabidhiwa ibada ukiwa bado umeshika sahani za wageni. Mimi naona hapo kwenye "ndani hakuna kitu" kuna kitu kimejaa, ni machozi hayajapata njia.

Kalamu Butu
Dada Kitinda mimi sio mchungaji, nafundisha Sunday school tu, ila hili swali lako la Mungu wa bibi limenigusa kwasababu nilikua nalo.

Kachukue Mwanzo usome habari za Yakobo ila ufuatilie kitu kimoja tu, anamwitaje Mungu. Sura ya 27 anamdanganya baba yake na ile nyama, mzee anamuuliza umeipataje upesi hivi, anajibu "BWANA, Mungu wako, amenifanikisha". Mungu WAKO. Yaani ni Mungu wa mzee, yeye anapita nae tu. Sura ya 28 amekimbia nyumbani, amelala porini na jiwe kichwani, Mungu anamtokea anajitambulisha kwake kama Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka, na yeye asubuhi anaweka masharti kabisa: ukiwa pamoja nami, ukinilinda, ukinipa chakula na nguo, nikarudi kwetu salama, hapo ndipo BWANA atakuwa Mungu wangu. Angalia hayo masharti, ni kijana anaongea pale, hajiamini na hamuamini mtu. Na Mungu hakumkemea.

Baada ya hapo ni miaka 20 kwa Labani, anadhulumiwa mshahara, anapewa mke siye, anazeeka. Ata anapoondoka kule bado anasema Mungu wa baba yangu. Sura ya 33 ndo anafika, amebadilishwa jina, anachechemea, anajenga madhabahu anaiita Mungu, Mungu wa Israeli. Israeli ni yeye! Kwahiyo kutoka "wako" mpaka kuweka jina lake pale imechukua zaidi ya miaka 20, na muda wote huo alikua anatumia maneno ya baba na babu yake kwasababu ndo maneno aliyokua nayo.

Wewe una mwaka mmoja tu dada.

Na kuhusu unafiki, mnafiki ni anayetaka watu waone alichokua hana. Wewe unaenda kuficha kilio bafuni, hiyo ni kitu tofauti kabisa. Yule baba wa Marko 9 aliomba "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", kwenye sentensi moja, na mtoto wake akapona.

Msomaji Kimya
Sichangiagi ila leo nimeshindwa. Kalamu nimeenda kusoma ni kweli kabisa, miaka yote nasoma Mwanzo sijawahi kuona hiyo "Mungu wako".

TingaTinga la Hoja
Hata mimi siamini ila hiyo ya Yakobo umeipanga vizuri Kalamu, nimekupa like.

Babu Mstaafu
Marahaba mjukuu wangu. Nimesoma yote. Wenzangu wamesema habari zako, mimi niseme ya baba yako kwasababu nina umri wa kumwelewa.

Usimhubirie. Usimwachie mistari mezani makusudi, tunaonaga. Mwanaume akizika mama yake anarudi kuwa mtoto na hajui aiweke wapi hiyo aibu. Yule Agustino walimfanya mtakatifu, mama yake Monika alimlilia kwa Mungu miaka na miaka mpaka akabatizwa mwaka 387, na mwaka huo huo mama akafa. Ameandika mwenyewe kwamba siku ya mazishi alijikaza asitoe chozi, baadae akiwa peke yake kitandani akaachia. Askofu mzima na elimu yake, ilibidi aandike kujitetea kwanini alimlilia mama yake sehemu ya saa.

Baba yako anakaa pale kwenye kiti kila jioni, anaweza kutoka nje na hatoki. Hebu kwanza heshimu kile kiti.

Na wewe usiombe kama bibi kwa wiki moja. Ukikosa cha kusema soma Zaburi ya 13, ina "hata lini" nne kwenye mistari miwili ya kwanza, au ile ya 88 ambayo inaishia gizani hapohapo bila "lakini". Zimo kwenye Biblia, kwahiyo hakuna atakayekusema. Majina tu ndo usiyaache. Yataje, basi, bila maelezo.

Kitinda_
Babu asante sana, nimesoma huu ujumbe nikiwa kwenye gari nikashindwa kujizuia, konda kaniuliza kama niko sawa 😭. Jioni nitajaribu. Mama Mapacha nimekuelewa pia, leo nikifika nafunga mlango nalia bila kufungua maji.

Mpita_Njia77
Tunasubiri mrejesho, usituache kama wale wengine

Kitinda_
MREJESHO. Siku sita zimepita, samahanini.

Siku ya kwanza nilisoma Zaburi 88 yote. Nikafika mwisho kwenye giza nikasema Amina, kaka akainua kichwa akaniangalia kama anauliza ndo imeisha? Nikamwambia ndo imeisha. Wifi akasema sikujua kama inaruhusiwa hivyo. Baba kimya.

Siku tatu zilizofuata majina tu. Na hapo ndo nikagundua foleni ya bibi siijui yote, kule juu kwa ndugu zake nachanganya nani mkubwa. Nikawa nakosea, kaka ananirekebisha, wifi anauliza huyo ndo nani, basi sala inakatika katikati tunaanza kuelezana habari za watu ambao wengine wameshakufa, tunacheka, tunarudi. Kwakweli haikua sala ya heshima ila kwa mara ya kwanza sikuvuta pumzi kama bibi maana sikua na nafasi.

Jana. Yule mtoto wa kaka halali kama mimi, yeye anasubiri jina lake macho makavu, nikimtaja anatabasamu akiwa amefumba macho. Jana nimemtaja yeye, ambae ndo wa mwisho sasa, nikataka kusema Amina. Akasema "shangazi, wewe hujajitaja".

Nikasema mimi ndo naomba, anayeomba hajitaji. Akasema "kwahiyo wewe nani anakutaja?"

Nikakosa jibu kabisa. Nimepiga magoti pale nimefumba macho nasikia tu saa ya ukutani, nikawa najiandaa kusema chochote ili tumalize. Alafu nikasikia kiti cha baba kinalia, kile kiti kina mguu mmoja umelegea kwahiyo akisogea unajua. Hakupiga magoti. Akasema, sauti imekwama kabisa, "Na huyu."

Hilo tu. Jina langu hajalitaja, ombi hajaweka. Mtoto ndo akasema Amina kwa sauti kubwa.

Usiku nimelia vizuri, mlango wazi.

MamaMapacha
Mwanangu umeniliza na mimi niko kwenye foleni ya benki

TingaTinga la Hoja
Sina hoja leo.

Kalamu Butu
Asubuhi alisemaje?

Kitinda_
Hakusema kitu. Ameshinda anatengeneza ule mguu wa kiti.

Babu Mstaafu
Usimuulize.