Mikataba ya fremu Arusha: mnaandika "distrain" halafu mnabeba cherehani za watu

Wakuu, nina hasira, naomba mnisome mpaka mwisho.

Mama yangu mdogo ana fremu ya kushonea Kaloleni, hapa Arusha. Kodi ilichelewa, hilo hatubishi. Alhamisi asubuhi akaja kijana wa mwenye nyumba na dalali, wana kirikuu. Wamebeba cherehani mbili na ovaloki. Moja imetolewa nje na sketi ya sare ya shule ikiwa bado imebanwa na mguu wa mashine, sindano imezama kwenye pindo. Wakakusanya na vitambaa vya wateja, vitenge, suruali za watu, suti ya bwana harusi, vyote wakavifunga kwenye shuka moja, wakapiga kufuli lao. Kuuliza, tukafunuliwa mkataba, kifungu chenye neno "distrain". Jibu: "Si alisaini mwenyewe?"

Alisaini, ndiyo. Mkataba wote Kiingereza, umechapwa steshenari, muhuri wa wakili juu. Siku ile alimpa binti yake wa kidato cha tatu amsomee. Binti akaona neno linafanana na "restrain", akamwambia maana yake ni kuzuia, kwamba ukidaiwa unazuiwa kuingia kwenye fremu. Mtoto simlaumu hata kidogo. Nani anafundishwa kitenzi hicho shuleni? Na nomino yake ni "distress", hapo ndiyo unapotea kabisa, utadhani kifungu kinahusu dhiki ya mpangaji.

Maana yake ni hii: mwenye nyumba kukamata mali kwa ajili ya deni la kodi, bila kupita kwanza mahakamani, azishikilie mpaka alipwe. Kimetoka kwenye Kilatini, distringere, kubana, kikapitia Kifaransa cha kale. Hata "district" ina mzizi huohuo, eneo ambalo mkubwa ana mamlaka juu ya watu wake. Na zamani huko Uingereza ilikuwa ni kushikilia tu kama rehani. Sheria ya 1689 ndiyo iliyowaruhusu wenye nyumba kuziuza, tena baada ya siku 5.

Sasa nisikilizeni hapa. Waingereza wenyewe, wenye neno lao, waliliwekea mipaka. William Blackstone, mwanasheria wao wa karne ya 18, anaorodhesha vitu visivyokamatwa kwa deni la kodi: farasi aliyepelekwa kwa mhunzi kuvalishwa viatu, na kitambaa kilichoko kwa fundi nguo. Fundi nguo, wakuu! Kwa sababu kitambaa ni cha mteja, kimeletwa kufanyiwa kazi, na wakianza kukamata vya wateja nani atampelekea fundi kazi tena? Halafu tarehe 6 Aprili 2014 England na Wales wakaifuta kabisa haki hiyo ya kale. Leo anayedai kodi ya eneo la biashara anatoa kwanza notisi ya siku 7, na anayekwenda kukamata lazima awe na cheti. Nyumba ya kuishi haiguswi kabisa kwa njia hiyo.

Ninyi mnaoandika mikataba hapa mjini mmechukua kitenzi, mipaka yake mmeiacha hukohuko. Mnakopi mkataba wa zamani, mnabadilisha majina na kiasi cha kodi, mnampa mama wa Kaloleni asaini. Tangu 2021 sheria yetu inasema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Mkataba wa fremu ya mlango mmoja, kati ya Mmeru na Mpare wanaoongea Kiswahili kutwa nzima, unaandikwa Kiingereza ili asomewe nani? Andikeni "nitakamata mali zako usipolipa", tuone ni wangapi watasaini bila kuuliza maswali.

Mwenye fremu Kaloleni, Ngarenaro, Kilombero, popote, toa mkataba wako leo ukague kama neno hilo limo. Na kama kuna mwanasheria humu aliyewahi kusimamia jambo la namna hii, aandike hapa: wateja ambao hawadaiwi na mtu wanadai vipi vitambaa vyao? Suti ni ya harusi ya Jumamosi, na kufuli bado liko mlangoni.