Kikundi: SAFARI YA REHEMA LONDON ✈️

Rehema: Assalaam alaykum, shikamooni wakubwa wote. Jamani nimepata chumba!! Kipo Bow, karibu kabisa na chuo Stratford, kitanda kikubwa, choo ndani, umeme maji intaneti vyote humo humo pauni 550 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka mwezi mmoja na dipoziti, jumla 1,100, ndo anishikie. Anasema kuna watu wengine watatu wanakitaka kwahiyo mwisho leo usiku

Mama Rehema: Alhamdulillah. Mwanangu yaani mimi nilikuwa silali nikiwaza utafikia wapi

Mjomba Kassim: Hongera sana mpwa wangu. Hiyo ni milioni tatu na ushee, mimi nina ile niliyotenga ya tiketi, tulipe chumba kwanza tiketi tutajua wiki ijayo. Nyumba nzuri haisubiri mtu. Nitumie namba ya akaunti

Rehema: Ahsante sana mjomba, natuma sasa hivi, na picha naziweka hapa mzione

Shangazi Mwanahamisi: Rehema usitume. Kassim shemeji yangu usitume hata shilingi. Niko zamu nina mapumziko ya dakika kumi tu, nisubirini

Mama Rehema: Kuna nini wifi?

Shangazi Mwanahamisi: Bow, choo ndani, bili zote, 550? Wifi mimi niko mji huu tangu 2006. Huku kwangu Barking ambako ni mbali zaidi na katikati ya mji mtu anapangisha chumba kimoja, choo mnachangia watu wanne, anataka mia saba na kitu na anapata mtu siku hiyo hiyo. Sasa huyo wa Bow anapunguza bei kwa kumwonea nani huruma? Rehema huyo mtu umemuona kwa macho? Umeongea naye kwa video?

Rehema: Hapana shangazi, tunachati tu. Yeye yuko Hispania kikazi, kasema nikishalipa atanitumia funguo kwa posta

Kaka Idrisa: Shikamoo shangazi, shikamoo mama mdogo, shikamoo mjomba. Nimeona sasa hivi nilikuwa kwenye kikao. Rehema mdogo wangu hapo hapo simama. Hiyo ya kusema niko nje ya nchi nitakutumia funguo kwa posta mimi nilikutana nayo mara tatu mwaka ule niliosoma kule, mara tatu, maneno yale yale utadhani wanafundishwa darasa moja. Na zile presha za mwisho leo usiku wengine wanakitaka, hizo ni za kukufanya usipate muda wa kuuliza watu

Mjomba Kassim: Lakini Idrisa na kweli ikiwa ni chumba halali tukakikosa je? Mtoto anaondoka baada ya wiki tatu

Shangazi Mwanahamisi: Tukikosa tumekosa chumba. Tukituma tumekosa chumba na milioni tatu. Narudi kazini nikitoka naandika vizuri

Rehema: Mimi jamani nilishamwambia naleta hela leo 😭

Kaka Idrisa: Hujafanya kosa lolote, watu wanatafuta vyumba wakiwa mbali kila mwaka na hawa wanawajua, wanajua miezi ya nane na ya tisa wanafunzi ndo wanahangaika. Wewe niulize hayo mengine uliyotaka kuuliza tukimsubiri shangazi

Rehema: Sawa kaka. Nilitaka kujua kama ninunue adapta ya chaji huku au nikifika

Kaka Idrisa: Usinunue kabisa. Soketi zao ni hizi hizi zetu, matundu matatu bapa, chaja yako ya nyumbani unachomeka moja kwa moja. Hata pasi ukiwa nayo ndogo beba

Rehema: Na lain ya simu?

Kaka Idrisa: Utanunua kule, chukua ya kulipia kabla, usisaini mkataba wa miezi 24 na wewe unakaa mwaka mmoja. Cha muhimu zaidi ni usafiri maana hela inaisha kwenye usafiri bila kujua. Basi ni nauli moja tu na ukishagusa kadi kwenye mashine yao ndani ya saa moja unapanda basi jingine na jingine bila kulipa tena. Kwenye basi hawapokei keshi tangu 2014 kwahiyo usisimame mlangoni unahesabu sarafu. Kwenye basi unagusa ukipanda tu. Treni ni tofauti, gusa ukiingia GUSA UKITOKA, ukisahau kutoka wanakukata nauli ya juu. Na uchague kimoja, kadi au simu, usichanganye, maana kuna kiwango cha juu cha kulipa kwa siku na ukichanganya wanahesabu kama watu wawili hata kama hela inatoka akaunti moja

Mama Rehema: Idrisa mwanangu samahani nikukatishe. Umesema soketi za kule ni kama zetu?

Kaka Idrisa: Ndiyo mama mdogo, zile zile

Mama Rehema: Mimi nimeikuza ile picha ya kitanda aliyotuma Rehema. Ukutani kushoto pembeni ya mto kuna soketi. Ina matundu mawili ya duara. Au macho yangu?

Kaka Idrisa: Subiri

Kaka Idrisa: Mama mdogo macho yako mazima kabisa. Hii soketi si ya Uingereza. Hii picha imepigwa nchi nyingine

Mjomba Kassim: Astaghfirullah

Kaka Idrisa: Na nimeitafuta hiyo picha Google, kitanda hicho hicho pazia hilo hilo lipo kwenye tangazo la nyumba ya watalii, si London wala si Uingereza

Rehema: Mama 😭😭 mimi nilikuwa nimeshafungua app ya benki

Mama Rehema: Njoo huku sebuleni mwanangu, acha hiyo simu kidogo

Bibi (naandika Salma): Bibi anasema hela haijaondoka, mtoto asilie. Anasema Mwanahamisi akitoka kazini aeleze yale yaliyompata yeye maana hajawahi kuyasema mbele ya watu wote

Shangazi Mwanahamisi: Nimetoka. Huku saa kumi na mbili jioni, kwenu saa mbili usiku, niko kwenye basi naandika. Wifi Mungu akupe macho hayo hayo siku zote. Mama amesema nieleze basi naeleza. Mwaka ule wa 2006 nilikuwa nalala kwa rafiki, watu watano chumba kimoja, nikaona aibu kuendelea kukaa, nikapata mtu akanionyesha chumba Plaistow, yaani nilikiona kwa macho, nikaingia, nikafungua dirisha. Nikampa pauni 400 mkononi, ndo zote nilizokuwa nazo, akanipa funguo. Jumamosi nimefika na begi langu nimekuta watu wanne nje, kila mtu na begi lake na funguo kama yangu. Kuna dada mmoja alikuja na mtoto mgongoni. Funguo zote hazifungui. Tulikaa pale kwenye ngazi mpaka giza maana hakuna aliyejua aende wapi. Kilichoniponza ni ile aibu, nilikimbilia chumba cha kwanza kwa sababu sikutaka kuwa mzigo kwa mwenzangu. Na wewe Rehema nakujua, umetafuta chumba kimya kimya kwa sababu hutaki kuja kwangu

Rehema: Shangazi ni kweli, nilijua unaishi chumba kimoja na sebule, na zamu zako za usiku, sikutaka kukubana

Shangazi Mwanahamisi: Sebule ina kochi linafunguka kitanda. Utakaa wiki tatu, mwezi, mpaka tupate. Tutaenda wote kuangalia vyumba siku zangu za kupumzika, mwenye nyumba akiona umekuja na shangazi yako anaongea vingine. Na kama unawaza kodi ya halmashauri, ile tunayolipia nyumba huku kwa manispaa, mimi naishi peke yangu napunguziwa robo, na mwanafunzi wa masomo ya muda wote hawamhesabu, kwahiyo ukija punguzo langu liko pale pale. Nilishauliza tangu mwezi wa tano nikikusubiri uniambie

Mama Rehema: Wifi nashindwa hata cha kusema

Shangazi Mwanahamisi: Usiseme kitu, ni mtoto wa kaka yangu

Kaka Idrisa: Niongezee hapo kwenye vyumba kwa faida ya baadaye. Ukishapata cha kweli, sheria yao ya 2019 inasema dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, na ile ya kushikia chumba isizidi wiki moja. Wakala hana ruhusa kukutoza hela ya kukuonyesha nyumba wala ya kuandika mkataba. Na dipoziti mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko unaotambulika na serikali ndani ya siku 30 na akupe karatasi. Ila angalia, ukipanga chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo, hiyo ya mfuko haikuhusu, kwahiyo kila unachompa andikishianeni na ulipe kwa benki si mkononi. Na wengi watakudai mdhamini anayeishi Uingereza

Shangazi Mwanahamisi: Mdhamini nipo

Kaka Idrisa: Basi umemaliza. Na kesho asubuhi andika imeili ofisi ya malazi ya chuo uulize hosteli, kipindi hiki kuna watu wanaahirisha vyumba vinarudi

Mjomba Kassim: Mimi naomba radhi mbele ya wote, nilitaka kumharakisha mtoto. Ile hela nakata tiketi kesho. Rehema ukifika uwanjani unafikaje kwa shangazi, nikuongezee ya teksi?

Shangazi Mwanahamisi: Teksi hapana Kassim, itakula hela ya chakula cha wiki mbili. Nitakuja kumpokea lakini hata nikichelewa ajue njia. Heathrow pale kuna treni tatu. Kuna ya haraka ile ya bei mbaya, hiyo asiitazame. Kuna Elizabeth, nzuri mpya ya 2022, lakini nauli zaidi ya mara mbili ya Piccadilly. Sisi tunapanda Piccadilly, laini ya bluu iliyoiva, kama pauni 6, unashuka Hammersmith, unavuka jukwaa tu upande wa pili hakuna ngazi, unapanda District ya kijani mpaka Barking. Ni ndefu lakini unakaa na begi lako katikati ya miguu. Hakikisha ya kijani imeandikwa Barking au Upminster

Rehema: Hammersmith, kijani, Barking au Upminster. Nimeandika kwenye daftari

Shangazi Mwanahamisi: Chuoni basi 238 linatoka hapa stesheni ya Barking mpaka Stratford. Linapita Upton Park, pale pembeni ya stesheni kuna soko, Queen's Market, utapata bamia, mihogo, pilipili mbuzi, ndizi za kupika, samaki. Wanapanga kwenye mabakuli, unanunua bakuli zima. Unga wa sembe upo maduka ya pale. Chakula cha mchana usinunue karibu na chuo, utapika usiku unabeba kibakuli. Jioni nenda Lidl au Aldi, na zile supamaketi kubwa usiku zinabandika stika ya njano vitu vinavyoisha muda, mkate na kuku unachukua unaweka friza. Maji unakunywa ya bomba, usinunue chupa

Mama Rehema: Na koti? Nilitaka nimchukulie Karume nikienda Dar

Shangazi Mwanahamisi: Chukua wifi, mitumba ya Karume ina makoti mazuri kuliko nitakayompata hapa kwa bei ile. Moja tu, zito, lenye kofia, liwe refu lifunike makalio. Avae mwilini asiweke begini. Hayo mengine atapata maduka ya chariti, ndo mitumba ya huku. Mwezi wa 12 saa kumi jioni ni giza Rehema, nakwambia mapema maana hilo linawavunja watu moyo kuliko baridi yenyewe. Siku hiyo ukiona kifua kinabana toka nje mchana hata nusu saa, au ingia makumbusho, British Museum ile na Natural History ni bure, kuna joto na watu

Rehema: Nikiugua je? Kwenye viza nimelipa ile hela ya afya

Shangazi Mwanahamisi: Hiyo ndo bima yako. Wiki ya kwanza tu tunakwenda kukuandikisha kwa daktari wa mtaa, wasikuambie lete bili ya umeme, kuandikishwa hakuhitaji ushahidi wa anuani. Usisubiri mpaka uugue

Kaka Idrisa: Na kazi ni masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, usizidishe hata nusu saa hata bosi akikubembeleza, ni viza yako si yake

Rehema: Jamani nimemwandikia yule mtu. Nimemwambia shangazi yangu anaishi Barking kesho saa nne atakuja kuona chumba, afungue jirani au yeyote. Amesoma. Hajajibu. Picha yake ya profaili imetoka

Mjomba Kassim: Keshakubloku huyo

Mama Rehema: Aende zake

Bibi (naandika Salma): Mwanahamisi, bibi anauliza akufungashie nini. Anasema ana nyama kaikausha vizuri

Shangazi Mwanahamisi: Mama shikamoo. Nyama hapana mama, uwanjani wanaikamata, nyama na maziwa hawaruhusu kabisa. Nitumie iliki ya Amani, ile ya kwetu, na mdalasini wa magome si wa unga. Na ile kanga yako ya zamani uliyonibebea wakati nazaliwa kama bado ipo

Bibi (naandika Salma): Bibi anasema ipo, imepauka upande mmoja. Anamwambia Rehema aje aichukue kesho kabla ya adhuhuri

Rehema: Nakuja bibi. Shangazi nikikata tiketi nakutumia namba ya ndege

Shangazi Mwanahamisi: Nitumie na saa ya kutua, nibadilishane zamu mapema. Nashuka hapa