Sheria haitaji rangi ya mtu, mbona inawaangukia Weusi?

Msomaji_K: Wakuu, naomba ufafanuzi. Sheria ya Marekani ya 1986 kuhusu dawa za kulevya inasemwa kila mahali kuwa ya kibaguzi. Ukiipitia vifungu vyake, hakuna panapotaja Mweusi wala Mzungu. Ubaguzi umejificha wapi?

Mizani: Mkuu, usiutafute kwenye maneno, utafute kwenye gramu. Kreki na kokeini ya unga ni dawa ileile, umbo tu ndilo tofauti. Sheria ile ilimpa muuzaji wa gramu 5 za kreki kifungo cha lazima kisichopungua miaka 5. Wa unga, mpaka afikishe gramu 500. Gramu 5 ni kijiko cha chai cha sukari kilichojaa na kuzidi kidogo, na gramu 500 ni nusu kilo nzima. Miaka 10 ilianzia gramu 50 za kreki, au kilo 5 za unga. Mwaka 1988 wakaongeza: hata kukutwa nazo tu, bila kuuza, gramu zinazozidi 5 za kreki ni miaka 5.

Sasa kreki iliuzwa vipande vidogovidogo vya bei ndogo, mitaa ya maskini, barabarani, na misako ya polisi ikaelekezwa hukohuko. Mwaka 2006, zaidi ya asilimia 80 ya waliohukumiwa kwa kreki katika mahakama za shirikisho walikuwa Weusi.

Tena kifungo cha lazima kinamfunga mikono jaji, si mwendesha mashtaka. Huyo wa pili ndiye anayechagua shtaka, na akishalichagua, adhabu imeshapangwa nusu.

Kando_ya_Kesi: Naongezea kwa nini mahakama haziifuti. Katika kesi ya Washington v. Davis, 1976, Mahakama ya Juu ilisema madhara kuangukia rangi moja hayatoshi kuvunja Katiba, lazima uthibitishe nia ya kubagua. Mwaka 1987, kwenye McCleskey v. Kemp, takwimu zilizoonyesha rangi ina uzito katika hukumu za kifo jimbo la Georgia zililetwa mezani, mahakama ikasema hazitoshi, kwa kura 5 kwa 4. Nia ya wabunge mamia utaithibitishaje? Wengi hukwama hapo.

Msomaji_K: Nashukuru sana. Lakini si waliirekebisha 2010?

Mizani: Walipunguza pengo, hawakuliziba. Kreki ikapanda hadi gramu 28, unga ukabaki 500, yaani takribani 18 kwa 1. (Usitafute kemia kwenye hiyo 18, ni maelewano ya wanasiasa.) Kile kifungo cha lazima cha kukutwa nazo tu kikafutwa. Ila waliokwisha kuhukumiwa hawakuguswa mpaka sheria ya 2018 ilipowaruhusu kuomba wapunguziwe.

Na hapo pana mtego. Waliopata nafasi hiyo ni wale tu ambao adhabu ya kosa lao ilibadilishwa 2010. Mwenye gramu chache mno alishtakiwa kwa kifungu kisicho na kiwango cha gramu, na hicho hakikubadilika. Mwaka 2021, kwenye kesi ya Terry, Mahakama ya Juu ilimkatalia mtu wa gramu 3.9 tu. Angekuwa alishtakiwa kwa 50, angeruhusiwa kuomba.