Hati ya babu kwa herufi za Kiarabu: ni shaba au shamba?

Assalamu alaikum. Nimerithi karatasi ya mauziano iliyoandikwa Unguja kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, lakini wino umefifia na nukta nyingi zimepotea. Mstari wa tatu nausoma "shaba la minazi", jambo lisiloingia akilini, na mwaka nauona kama 1310. Naomba msaada wenu.

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Hapo pameandikwa "shamba". Waandishi wa zamani mara nyingi hawakuiandika m inayotangulia b, hivyo herufi bee moja huweza kuwa b, mb au hata p, na msomaji ndiye aliyetarajiwa kuijua maana kutokana na maneno yaliyo jirani. Vilevile herufi wau husimama badala ya u na o. Anza na Bismillahi ya juu, ambayo maneno yake unayajua, uone mkono wa mwandishi huyo unavyoyakata meno ya sini, yaani vijino vya herufi s, kisha ulinganishe na maneno mengine ya hati.

JIBU: Naongezea kuhusu mwaka. Ikiwa tarakimu ya mwisho ni kiduara, hiyo ni tano, kwa kuwa sifuri huandikwa kama nukta. Basi ni 1315 Hijria, ulioanza katikati ya 1897 na kwisha 1898.

MUULIZAJI: Ahsanteni sana. Nimeimulika karatasi kwa tochi kutoka ubavuni, na kweli ni kiduara. Shangazi alikuwa akisisitiza kuwa babu aliuza shaba!