Tupeane uzoefu: kupiga picha ile baa nyekundu ya mtaa wa Temple Bar, Dublin, Ireland

Mwanzisha mada
Wakuu, nilikuwa natafuta cheti kwenye diski ya zamani nikakutana na picha 43 za ile baa ya kona. Zote ukuta umelalia nyuma kama jengo linaanguka. Uchochoro ni mwembamba, nikainua kamera juu kupata vikapu vya maua, basi. Waliofika pale, mlifanyaje?

Mawe Maji
Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta wa pili, shika kamera sawasawa bila kuinua, halafu kata sehemu ya chini baadaye. Mvua ikinyesha usikimbie. Yale mawe ya barabarani yakilowa, wekundu wote wa baa unashuka chini.

Kijana wa Lenzi
Mkuu hapo kwenye mvua umesema kweli kabisa.

Bint Pwani
Mimi nilienda Juni. Nasubiri giza, giza haliji! Jua linazama karibu saa nne usiku, na muda huo watu wamejaa mlangoni hadi huoni mlango. Nendeni Desemba, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, taa zinawaka na mbingu bado ina buluu.

Mzee wa Tripodi
Mmenikumbusha siku ambayo sitaisahau. Nilivuka daraja la Ha'penny, lile la chuma la mwaka 1816, nikasimamisha tripodi mkabala na baa. ISO 100 (kamera isihisi sana mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), shata wazi sekunde 20, ili wapita njia wafutike. Mguu mmoja niliuingiza katikati ya mawe mawili nikaona umekaa imara. Picha ya tatu ikiwa inaendelea, likatokea kundi linaimba, na mmoja wao anatembea kinyumenyume huku akijirekodi kwa simu. Niliita, hakusikia. Mgongo wake ukaipata tripodi, kamera ikaenda kifudifudi kwenye mawe. Mlio ule bado ninao masikioni. Nilipiga magoti nikashindwa hata kuigusa. Yule kijana alipiga magoti pia, analia kuliko mimi, anamulika kwa simu yake vipande vya kioo kimoja kimoja. Bawabu wa baa akaja na ufagio, akatuzungushia viti watu wasitukanyage. Kumbe kilichovunjika ni filta tu, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi. Kioo cha lenzi kilikuwa kizima, ila pete ya filta ilipinda ikagoma kutoka.

Kijana wa Lenzi
Pole sana mkuu. Ndiyo maana nasema filta ni lazima.

Fundi Kamera
Siyo filta iliyookoa. Kioo chembamba kama kile huvunjika kwa pigo dogo, na vipande vyake vinaweza kuikwaruza lenzi. Weka kofia ya lenzi, ile ya plastiki inayochomoza mbele, hiyo ndiyo inayopokea pigo.

Kijana wa Lenzi
Kofia nayo ikipasuka?

Fundi Kamera
Inunue nyingine. Lenzi utainunua?

Bint Pwani
Jamani, mtu anasimulia msiba nyie mnabishania plastiki. Mzee, acha tripodi kabisa, panda ISO 3200 ushike mkononi.

Mawe Maji
Ila shata isiwe ya kasi kuliko 1/100 ya sekunde. Umeme wa kule ni 50Hz, taa nyingine zinapepesa, ukienda kasi unapata mistari kwenye picha.

Mpenda Kuta
Msiishie kwenye baa moja. Mtaa wote ule miaka ya 1980 ulipangwa kubomolewa ijengwe stendi ya mabasi. Wakati mpango unasubiri, majengo yakapangishwa kwa bei ya chini, wasanii wakaingia, na mwishowe stendi haikujengwa. Mimi nikipiga pale natafuta milango ya pembeni, rangi iliyobanduka, mabango ya zamani. Hiyo baa kila mtu anayo.

Mwanzisha mada
Mzee, ile picha ya tatu ilitoka? Na pete uliitoaje?

Mzee wa Tripodi
Ilitoka. Baa imetulia nusu, halafu mstari mwekundu unashuka hadi chini. Pete bado iko kwenye lenzi, sijataka fundi aikate.